Nje ni Nje

Kila mara kabla ya kuvuka ua, Laban alikohoa. Hakuwa mgonjwa. Alikohoa ili mama mkwe wake apate nafasi ya kujificha, na Kamanthe, aliposikia kikohozi hicho, alirudi nyuma kutoka mlangoni, akaketi kitandani na kuutazama ukuta mpaka nyayo za mkwewe zilipopotea. Hivyo ndivyo walivyoishi, watu wazima wawili wenye akili timamu, kwenye ua mmoja mdogo wa Machakos, tangu Kamanthe aletwe kwa binti yake Ndunge ili awe karibu na hospitali ya kaunti.

Wakamba huiita nthoni. Ni haya, ni heshima, na kuna woga kidogo ndani yake. Mwanamume na mama wa mke wake hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, hawaitani kwa jina. Vijana wa siku hizi wanaicheka. Wanakula meza moja na mama wakwe zao na kupiga nao picha harusini, meno yote nje. Lakini Kamanthe hakuwa wa siku hizi, na Laban, ajabu ya Mungu, ingawa alivaa jinzi na kujua kompyuta, alilelewa Kalama na nyanya ambaye hakucheza na mambo hayo.

Tena kwa kina Kamanthe nthoni ilikuwa sifa ya ukoo. Mama yake mzazi alikutana siku moja na mkwewe, yaani mume wa Kamanthe, kwenye kinjia cha kwenda mtoni. Hakuona pa kupita, akajitosa kichakani. Kichaka kilikuwa na siafu. Mama wa watu akakaa humo kimya akitafunwa, na mkwewe, ambaye hakumwona, akasimama hapo hapo kuongea na rafiki yake, na mume wa Kamanthe alipoanza kuongea hakuwa na breki. Hadithi hiyo ilisimuliwa katika kila harusi ya ukoo, watu wakacheka mpaka machozi. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini yule mama hakusema tu, "Nipishe."

Nyumba kubwa ilikuwa mbele, upande wa barabara, na humo walilala Ndunge na mumewe. Nyuma ya ua palikuwa na vyumba viwili vya mawe chini ya paa moja la mabati, vikigawana ukuta. Kimoja alipewa Kamanthe. Cha pili kilikuwa karakana ya Laban, na ndani yake alikuwa ameunda kwa mikono yake mwenyewe mashine ya CNC: meza ya chuma yenye reli, mota zinazopokea amri kutoka kwa kompyuta, na kisu kinachozunguka na kutembea juu ya ubao peke yake, kikichonga chochote kilichochorwa. Milango yote miwili ilitazama uani. Choo kilikuwa kwenye kona, na ili akifikie ilimbidi Kamanthe apite mbele ya mlango wa karakana, ambao Laban aliuacha wazi apate hewa na mwanga.

Nyuma ya vyumba hivyo, kati yao na ukuta mrefu wa jirani, palikuwa na uchochoro mwembamba. Dirisha la Kamanthe, dogo kama la duka la sigara, lilifungukia huko, na huko ndiko alikoanika nguo zake za ndani. Tangu siku aliyokuja, Laban hakuukanyaga uchochoro ule hata mara moja. Mpira wa jirani uliangukia huko, akaachana nao. Paka wa jirani alizalia huko, akaachana naye pia.

Na kila asubuhi saa nne alizima mashine, akakohoa, akaenda kibandani kunywa chai. Chai yenyewe angeweza kuipika jikoni kwake. Alikwenda ili mama mkwe apate kutoka, aende chooni, aote jua kidogo, achote maji. Hakuna aliyewahi kulisema jambo hilo kwa mdomo. Kamanthe alimpenda sana kwa hilo, akamwombea kila jioni, bila kumtaja jina.

Tatizo lilikuwa kifua. Marehemu mumewe alikuwa mchongaji wa vinyago kule Wamunyu, na Kamanthe, kama wanawake wengi wa huko, ndiye aliyepiga msasa. Ujana wake wote alisugua twiga, vifaru na wazee wenye mikuki, mpaka vumbi likahamia kifuani mwake na kujenga. Sasa alipumua kwa mlio, kama mlango unaohitaji mafuta, na mfukoni alibeba inhela ya kuvuta akizidiwa. Ametoka kwenye vumbi la mume, akaja kulala ukuta mmoja na vumbi la mkwe. Mtu akikuambia Mungu hana utani, mwambie amtembelee Kamanthe.

Siku ya kliniki ilipofika, daktari aliuliza, "Pale mnakaa kuna vumbi?"

"Hakuna," akasema Kamanthe.

"Iko," akasema Ndunge. "Bwana yangu anachonga mbao na mashini. Iko mingi sana."

Daktari akaweka kalamu chini. Alisema dawa zote alizoandika ni kazi bure kama mama ataendelea kula vumbi. Ama vumbi liishe, ama mama ahame, na asihamie mbali, maana siku akishikwa vibaya hakutakuwa na muda wa kutoka Wamunyu mpaka hapa.

Jioni hiyo Kamanthe aliwasikia uani. Ndunge alifanya kazi kiwandani Mavoko, akitoka kabla ya jua na kurudi limeshazama, na aliporudi hivyo alikuwa kiberiti, ukimgusa tu anawaka.

"Mwaitu hawezi pona na hii vumbi yako," alikuwa akisema. Mwaitu ni mama, kwa Kikamba. "Ama hiyo mashini iende, Laban, ama niende na yeye. Chagua."

"Wacha kuongea kwa nguvu, atasikia."

"Asikie!"

Kisha Laban akasema taratibu, "Nipatie wiki moja. Hiyo vumbi nitaifungia kwa ndoo. Haki ya Mungu, mwaitu hataiona tena."

Kamanthe alivuta blanketi mpaka kichwani. Aliona aibu iliyomchoma kuliko siafu. Mashine ile ndiyo iliyoilisha nyumba pamoja na mshahara wa Ndunge, tangu kiwanda alikofanya kazi Laban kimpunguze. Naye amekuja na kifua chake kuja kumvunjia binti yake ndoa. Aliapa kimoyomoyo kwamba hakuna mtu atakayemsikia tena akilalamika juu ya vumbi.

Wiki hiyo Laban alijenga. Kamanthe alifuatilia kazi yote kupitia tundu la ufunguo na kupitia ukuta, kama mtu asikilizaye mchezo wa redio. Kutoka Tala kulikuja mota ya mashine kuukuu ya kufyonza uchafu wa mazulia. Kukaja pipa la plastiki lenye mfuniko, mabomba ya kijivu ya maji machafu, na mpira wa mashine ya kufulia unaojikunja upendavyo. Laban alikunja bati akatengeneza kitu kama faneli kubwa, akakisimamisha juu ya pipa. Aling'oa nywele za ufagio mpya wa Ndunge, jambo ambalo lilimletea maneno, akazizungushia kisu cha mashine kama sketi, ili vumbi lisitawanyike kabla ya kufyonzwa. Alipitisha waya wa shaba kwenye mabomba yote mpaka kwenye nondo iliyozamishwa ardhini, kwa kuwa vumbi likikimbia ndani ya plastiki huzaa umeme, na umeme huo ulikuwa umeshampiga mkononi mara kadhaa, akalia kama mtoto.

Alipokuwa na mikono yote kazini aliweka simu kwenye spika na kuongea na Muli, rafiki yake wa zamani kiwandani ambaye sasa alitengeneza makabati huko Syokimau.

"Niaje msee, imeshika?" akauliza Muli.

"Imeshika kabisa! Vumbi inaingia kwa hii faneli, inazunguka kama maji kwa sinki. Ile nzito inaanguka kwa pipa. Ile laini inapanda na hewa inaenda."

"Inaenda wapi? Umeweka filta?"

"Filta ya maana sijapata. Ile ya gari inaziba kabla umalize mlango moja. Nimetoboa ukuta tu, nikasukuma paipu nje."

"Nje wapi?"

"Nje, Muli. Nje ni nje."

Kamanthe, sikio ukutani, alilisikia lile neno "laini". Miaka yote ya msasa ilimfundisha kwamba chenga nzito huanguka miguuni, unazifagia, zimekwisha. Ni ile laini inayokufuata mpaka nyumbani, ukaikuta juu ya maziwa ya mtoto. Lakini ilikuwa inatupwa nje, na mkwewe alikuwa akipiga mluzi kwa furaha. Nani angethubutu kumuuliza nje ni wapi?

Mashine ilipowashwa, karakana ikawa safi ajabu. Lile wingu lililozoea kutoka mlangoni na kuvuka ua likakatika. Ndunge aliporudi kutoka kazini alipitisha kidole juu ya meza, akakitazama, akampiga mumewe kofi la mapenzi mgongoni. Kisha akaja kuketi kwenye kitanda cha mama yake, miguu imevimba, uso unang'aa.

"Umeona mwaitu? Amekutengenezea wewe. Hata usiku alikuwa anaiota."

"Nimeona," akasema Kamanthe. "Mwambie Mungu ambariki."

Na muda wote huo alikuwa amefunika kikombe chake cha maji kwa kiganja, kwa sababu mchana ule alikuwa ameona jambo jingine.

Alikuwa amefungua dirisha kama kawaida. Punde hewa ya uchochoroni ikageuka rangi. Alidhani jirani anapepeta unga. Alichungulia, akaona mdomo wa bomba la kijivu umetokeza ukutani, karibu na dirisha kiasi kwamba angenyoosha mkono angeugusa. Ulikuwa ukipuliza moshi wa kahawia dhidi ya ukuta wa jirani. Moshi ulipiga ukuta, ukakosa pa kwenda, ukarudi, na mahali pa kwanza palipokuwa wazi palikuwa dirisha la Kamanthe. Nguo zake kwenye kamba zilikuwa zimepata rangi moja zote.

Fundi mwingine yeyote angetoka akazunguka nyuma kuangalia bomba lake linatokea wapi. Hata mjinga angezunguka. Laban hakuzunguka, kwa kuwa huko nyuma palikuwa pa mama mkwe, na mwanamume mwenye adabu hatazami nguo za mama mkwe wake. Alitoboa kutoka ndani, akasukuma, akaziba kando kwa saruji. Adabu ile ile iliyompeleka kibandani kila saa nne ndiyo iliyomlenga Kamanthe kwa bomba.

Angemwambia nani? Kumwambia Laban ni jambo lisilowezekana. Kumwambia Ndunge aliweza, na siku ya pili alijaribu, kwa kuzunguka, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu.

"Vumbi haijaisha sana, mwanangu."

"Mwaitu, hiyo ni ile ya zamani inatoka kifuani. Daktari alisema itachukua muda," akasema Ndunge, akilegeza viatu, macho yanajifunga yenyewe. "Ama unataka kuniambia hii kitu haifanyi? Kama haifanyi sema, niende nimwambie sasa hivi."

Alikuwa ameshasimama. Kamanthe akamwona akilini binti yake akivuka ua, akamsikia akipasua yowe, akaiona ile mashine ikitupwa barabarani na Laban akifuata nyuma yake na mkoba. "Inafanya," akasema haraka. "Inafanya vizuri. Keti ule."

Basi akafunga dirisha. Chini ya mabati, dirisha likiwa limefungwa na jua la Machakos likiwa juu, chumba kile kiliiva kama jiko la mkate. Aliketi kwa kamisi na kutokwa jasho. Vumbi halikukoma, maana dirisha lilikuwa la chuma lililopinda na lilipitisha hewa kando zote. Alizisokomeza kwa magazeti, kisha kwa kitambaa chake cha kichwa. Vumbi likapata njia nyingine, juu, palipokutana ukuta na paa. Jioni alipojifuta uso, taulo lilitoka na sura yake. Inhela iliyotakiwa kumaliza mwezi ilianza kuwa nyepesi mkononi.

Alijaribu njia ya mwisho iliyobaki ndani ya adabu. Laban alipokohoa na kwenda chai, Kamanthe hakwenda chooni. Alizunguka nyuma kwa haraka iliyomwacha akitweta, akachukua leso yake ya maua ya zambarau, ile aliyonunuliwa na Ndunge kwa mshahara wake wa kwanza, akaisokota na kuisukuma ndani ya mdomo wa bomba mpaka ikazama yote. Akarudi, akaketi, akangoja kama mwizi.

Laban aliporudi na kuwasha, mota ya kufyonza ililia kwa sauti ya juu, nyembamba, sauti ya mtu aliyezibwa pua. Kamanthe alimsikia akizima. Akamsikia akifungua pipa, akifungua mpira, akitenganisha bomba moja baada ya lingine, akiyagonga sakafuni, akipuliza kwa mdomo. Vumbi jipya lilijaa karakana, akakohoa kikohozi cha kweli. Kutwa nzima alihangaika. Kamanthe alijionea haya mpaka akatamani kuivuta leso ile kwa meno, lakini Laban hakuondoka tena, na yeye hakuweza kutoka. Haja ndogo ilimbana mpaka machozi. Alijikaza kisabuni.

Alasiri Laban akampigia Muli. "Nimepata. Iko kwa paipu ya mwisho, ile ya kuenda nje. Nimeingiza mti mrefu, naskia kitu laini. Panya wamejenga."

"Si uzunguke nyuma uitoe?"

"Huko nyuma siwezi enda," akasema Laban. "Nitaisukuma tu."

Aliusukuma mti ule kwa nguvu zake zote. Kamanthe alisikia leso yake ikianguka uchochoroni, pwa, kama nguo mbichi, kisha mota ikarudi kwenye sauti yake ya kawaida, na moshi wa kahawia ukaanza kuchungulia tena juu ya ukuta. "Imeenda!" akapaza sauti Laban, na kupiga mluzi.

Ijumaa ikafika. Kanisa moja la Kalama lilikuwa likifunguliwa Jumapili, na Laban alikuwa hajamaliza mimbari. Ilikuwa ya mbao za MDF, zile zinazoshindiliwa kutoka unga wa mbao na gundi, ambazo zikikatwa hurudi kuwa unga tena, unga laini kuliko wa chapati. Aliwasha mashine mapema. Saa nne ikafika, ikapita. Hakukohoa, hakwenda chai. Saa tano ikapita.

Ndani, Kamanthe alikuwa ameketi sakafuni, mgongo dhidi ya kitanda, kwa kuwa huko chini kulionekana kuwa na hewa kidogo. Aliivuta inhela. Ikatoa sauti, haikutoa kitu. Akaitikisa, akavuta tena. Hakuna kitu. Chumba kilikuwa na ukungu wa kahawia, na mwale wa jua uliopenya kwenye tundu la ufunguo ulisimama ndani yake kama fimbo. Alivuta pumzi, ikafika kooni, ikasimama. Akavuta nyingine, ikafika hapo hapo.

Aliweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa ukitetemeka kwa kazi ya upande wa pili. Angeweza kugonga. Mara nyingi wiki hiyo alikuwa ameweka kiganja pale na hakuwahi kugonga. Nini kilikuwa kigumu? Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Ua ulikuwa hatua chache. Kati yake na hewa palikuwa na mwanamume mmoja mpole aliyeinamia ubao, na hofu ya kuonwa naye.

Hapo ndipo alipomkumbuka mama yake kichakani. Mara zote alipoisikia hadithi ile alimwona mama yake kutoka nje, kutoka njiani, kichekesho. Leo kwa mara ya kwanza alimwona kutoka ndani ya kichaka. Alimwona akibana midomo, siafu wakipanda mapajani, akimsikiliza mwanamume anaongea upuzi juani kwa starehe zake. Kamanthe akawakasirikia wote. Alimkasirikia marehemu mumewe kwa kuongea sana, na mama yake kwa kunyamaza, na ukoo mzima kwa kucheka. Hasira ilimpa nguvu ambayo inhela haikumpa. Akashika ukingo wa kitanda, akasimama, akafungua mlango.

Alipita uani kichwa wazi, maana kitambaa chake kilikuwa kimesokomezwa dirishani. Akasimama katika mlango wa karakana.

Laban aliona kivuli juu ya ubao, akainua macho, akaruka kana kwamba ameona simba. Alibonyeza kitufe, kisu kikainuka na kusimama, mota ya kufyonza ikanyamaza, naye papo hapo akageuka na kuupa uso ukuta, mikono imenyooka kando, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

"Pole mwaitu! Pole sana, nimesahau saa. Natoka. Natoka sasa hivi."

Lakini mlango ulikuwa mmoja, na Kamanthe alikuwa amesimama ndani yake, ameshika miimo yote miwili.

"Laban," akasema.

Jina hilo halikuwahi kutoka kinywani mwake. Mabega ya mkwewe yalishtuka.

"Laban, niangalie."

"Mwaitu, siwezi."

"Niangalie. Sina pumzi ya kusema mara mbili."

Aligeuka polepole, akianza na macho chini. Aliona miguu. Ilikuwa ya kahawia mpaka kwenye magoti, na jasho limechora mifereji juu yake. Akapandisha macho: kamisi, mikono, shingo, zote rangi moja. Nywele za mvi zilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Vumbi lilikuwa mpaka kwenye kope. Laban alitazama meza yake safi, sakafu yake safi, kisha akamtazama tena mama mkwe wake.

"Hii vumbi umeitoa wapi?"

"Ni yako."

"Haiwezi kuwa yangu, mwaitu. Yangu inaenda nje."

"Nje ni wapi?"

Laban akayafuata mabomba yake kwa macho, kutoka kwenye kisu, hadi kwenye faneli, hadi kwenye mota, mpaka pale yalipoingia ukutani na kupotea. Ilikuwa wazi kwamba hakuwahi kufikiria kupita hapo.

"Nje ni... ni huko nyuma," akasema.

"Huko nyuma ni kwangu."

Angenyamaza hapo ingekuwa heri. Lakini alikuwa fundi, tena fundi aliyekuwa amesifiwa, na mikono ikaanza kumchezacheza. "Lakini ukifunga dirisha haiwezi ingia. Hewa moto inapanda juu, inapita ukuta wa jirani, inaenda. Labda hii ni ile ya zamani, imekaa kwa—"

"Toka hapo," akasema Kamanthe. "Ingia chumbani kwangu."

Laban alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo katikati ya soko.

"Kwako? Mwaitu, mimi siwezi ingia kwako."

"Ingia. Keti kwa kitanda. Ufunge mlango." Alipumzika, akavuta hewa. "Hii inawashwa wapi?"

Laban alionyesha kwa kidole, swichi ya mota kwanza, kisha kitufe cha kijani. Kamanthe akatoka mlangoni kumpisha. Laban akavuka ua, akafika kwenye mlango wa mama mkwe wake, na kwa mazoea akakohoa, ingawa ndani hamkuwa na mtu. Kisha akainama, akaingia, akafunga.

Kamanthe aliwasha mota. Akabonyeza kitufe cha kijani, na kisu kikashuka chenyewe pale kilipoachia, kikaendelea kuchonga jani la mzabibu kwenye ubavu wa mimbari, na sketi yake ya ufagio ikazunguka nacho. Vumbi halikuonekana kabisa. Kwa kweli ilikuwa kazi nzuri, na moyo ulimuuma kidogo kuona ilivyokuwa nzuri.

Alitoka akasimama katikati ya ua, juani. Hewa ilikuwa na harufu ya maharagwe ya jirani. Aliivuta, ikashuka, ikapita pale ilipokuwa ikisimama. Akavuta nyingine.

Mwanzoni chumbani hamkusikika kitu. Kisha akasikia kikohozi kilichofungiwa ndani ya mdomo, kile cha mtu asiyetaka kusikika. Alikijua vizuri. Kikafuatwa na kingine, na kingine, mpaka vikamshinda Laban vikatoka vyote pamoja. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Angeweza kuusukuma akatoka. Lakini mama mkwe wake alikuwa amesimama uani, kichwa wazi, na hakuwa amemwambia atoke.

Mkono ukagonga ukuta. Ukagonga taratibu kwanza, kwa adabu. Halafu ukawa ngumi.

Kamanthe alikitazama kile kitufe kupitia mlango wa karakana. Akavuta pumzi moja zaidi, na nyingine tena, mpaka chini kabisa ya kifua, ndipo akaingia kuzima.